Kikombe cha Pembeni

Kanisani walimwita Mama Vikombe, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilobatizwa nalo. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi yeye ndiye aliyeviosha, akavipanga na kuvijaza vikombe vya Meza ya Bwana, vile vidogo vya kioo ambavyo kimoja hakitoshi hata kumlowesha kuku koo. Katika miaka kumi na mmoja hakikuvunjika hata kimoja, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kidogo kuliko unyenyekevu unavyoruhusu.

Siku za kazi nazo aliosha vioo, ila vya namna nyingine. Alikuwa mwosha vyombo katika maabara ya zahanati: chupa, mirija, vioo vya darubini, kutwa amesimama kwenye sinki la kona na aproni ya plastiki, mikono imechujuka kwa klorini. Kwa hiyo alijua habari za vijidudu kiasi cha kuogopa, lakini si kiasi cha kutulia. Asiyejua kitu hulala, na anayejua sana hulala. Huyu wa katikati ndiye anayehangaika.

Basi miaka miwili nyuma, kopo la makohozi lilipita maabara likiwa na jina alilolijua. Lilikuwa la fundi viatu, mwumini mwenzake, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, aliyeimba besi na kukosea maneno ya ubeti wa tatu siku zote. Majibu yakasema ana kifua kikuu. Mama Vikombe hakumwambia mtu, si mchungaji, si binti yake. Tumpe haki yake hapo. Lakini hofu ukiizibia mdomo, hutokea kwenye vidole. Jumapili ya vikombe ilipofika aliichukua rangi nyekundu ya kucha ya binti yake, akageuza kikombe kimoja juu chini, akatia nukta kwenye kitako chake, ndogo kama punje ya mtama.

Kilichobaki kilikuwa hesabu tu. Kanisa lile lilikuwa na desturi yake: vikombe havichaguliwi. Mzee wa kanisa hupita na trei benchi kwa benchi, na kila mtu huchukua kinachofuata kwenye mstari, kuanzia pembe hii mpaka pembe ile. "Bwana hakukuchagua kwa sura," mchungaji alikuwa akisema, "na wewe usichague kikombe." Fundi viatu, tangu augue, alikaa mwisho wa benchi la mwisho upande wa kulia, karibu na dirisha. Mama Vikombe alichungulia kwenye upenyo wa mlango wa chumba cha nyuma, akahesabu vichwa vya upande ule, akajaza vikombe idadi ileile, na chenye nukta akakiweka pembe ya mwisho. Kikaenda moja kwa moja kwa mwenyewe.

Fundi alikunywa dawa miezi sita. Mama Vikombe aliyaona majibu ya mwisho kwa macho yake: safi. Nukta ikabaki. Kila mwezi alijiambia ataifuta mwezi ujao, na kila mwezi hofu ikamrudia, akaiacha. Fundi alipona, kikombe hakikupona.

Na usije ukadhani alikuwa mnafiki wa kujionyesha. Kila Alhamisi, kwenye maombi ya akina mama, alipiga magoti akaomba dua yake ileile: "Bwana, ulinganishe moyo wangu na moyo wako wa huruma." Aliomba kwa machozi, na machozi yalikuwa ya kweli. Kwa miaka yote hiyo aliliomba jambo hilo bila woga wowote, kama mtu anayeagiza kitu dukani bila kuuliza bei.

Jumapili ya kisa hiki ilianza vizuri. Trei ya upande wa kulia ilibebwa na mzee mpya, fundi umeme aliyechaguliwa wiki mbili tu kabla, na ambaye ni mashoto. Hilo hakuna aliyelifikiria. Wazee wote waliomtangulia walishika trei kwa mkono wa kulia. Huyu akaigeuza imkae vizuri, na kwa kugeuza huko pembe ya mwisho ikawa ya kwanza. Benchi la kwanza, karibu na mlango wa ubavuni apate hewa, alikuwa ameketi binti wa Mama Vikombe, mwenye mimba ya miezi saba. Binti akachukua kilichokuwa mbele yake, akangoja kama wengine. Mchungaji akasema neno lake, wote wakainua pamoja. Mama Vikombe, aliyekuwa upande wa kushoto, alitupa jicho kwa mwanawe kama mama yeyote. Binti aliporudisha kichwa nyuma, kitako cha kikombe kikatazama kwa mama yake.

Nukta nyekundu.

Kikombe chake mwenyewe kilimpindukia mkononi, kikamwagikia gauni. Jirani yake akampa kitambaa na kunong'ona kwamba Roho amemgusa leo. Masikini, alikuwa amegandishwa na hofu. Maana kulikuwa na jambo baya kuliko nukta. Mwezi uliopita, siku ya kuosha, maji yalikatika. Zilibaki lita chache kwenye ndoo. Aliviosha vingine vyote, akavisuuza mara mbili, na alipofika kwenye kile cha pembeni ndoo ikawa tupu. Akakipangusa kwa kitambaa kikavu, akakirudisha kabatini. Chake ni chake, alijisemea. Mtu akirudishiwa mate yake mwenyewe kuna ubaya gani? Asubuhi hii alikijaza bila kukumbuka. Sasa maneno yale yalimrudia yote, moja baada ya jingine, akiwa amekaa mbele ya Meza ya Bwana na gauni lililolowa.

Na nyuma, karibu na dirisha, fundi viatu alikohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha chini, na Mama Vikombe alikijua kikohozi cha namna hiyo.

Jumatatu alimwangalia binti akinywa chai mpaka chai ikaisha. Jumanne alimgusa paji la uso mara nne. Jumatano jioni binti alikuwa akifagia chumba, akakohoa, na Mama Vikombe akaangusha sufuria.

"Mama, ni vumbi," binti alisema.

"Umekohoa mara mbili."

"Basi ni vumbi la mara mbili. Una nini lakini? Tangu juzi unaniangalia kama maziwa yaliyo jikoni."

"Fungua mdomo nione koo."

"Mama! Mimi mtu mzima, nina mtoto tumboni, nifungue mdomo?"

Akaufungua hata hivyo, maana alimpenda mama yake, na pia kwa sababu alijua hatapewa nafasi ya kumaliza kufagia. Koo lilikuwa la kawaida. Mama Vikombe alitoka nje, akashika kamba ya kuanikia nguo kwa mikono miwili, akasimama hapo. Aliogopa ugonjwa. Aliogopa kugunduliwa. Na chini ya hofu hizo mbili ilikuwapo ya tatu, kubwa kuliko zote: kwamba Mungu ameona, na sasa anamrudishia kwa kikombe kilekile. Alijaribu kuomba. "Bwana, mlinde mwanangu," alianza, na kila alipofika kwenye "mwanangu" akamwona fundi viatu na benchi lake la mwisho, ambaye naye ni mwana wa mtu. Dua ikaishia hapo, akarudi ndani.

Alhamisi asubuhi hakuweza tena. Maabara ilikuwa na mtaalamu mmoja, mzee mwenye upara waliyemwita Darubini, kwa sababu hata chenji yake aliikagua kwa jicho moja. Mama Vikombe alimkaribia akijifuta mikono ambayo tayari ilikuwa imekauka.

"Baba, kuna mtu ameniuliza kitu."

"Huyo mtu namfahamu," Darubini alisema bila kuinua kichwa. "Ndiye anayeumwa badala ya watu wote wanaokuja kuuliza. Haya, anasemaje?"

"Anauliza, kifua kikuu kinaambukiza kwa kikombe?"

"Hakiambukizi. Si kikombe, si sahani, si kupeana mkono. Ugonjwa ule husafiri kwa hewa. Mgonjwa ambaye hajaanza dawa akikohoa kwenye chumba kilichofungwa, aliye humo ndiye aogope. Na aliyemaliza dawa akapona, hana cha kumpa mtu."

"Hata kikombe kisichooshwa?"

Sasa Darubini aliinua kichwa. "Mama, umefanya kazi humu miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na hukuwahi kuniuliza?"

"Niliogopa utaniuliza kwa nini nauliza."

Alirudi kwenye sinki lake, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akacheka na kulia kwa pamoja. Mwanawe mzima! Mjukuu mzima! Furaha hiyo ilidumu muda wa kuosha mirija sita. Kwenye mrija wa saba likamjia swali: basi ile nukta ilikuwa ya nini? Miaka miwili haikumkinga mtu hata mmoja. Kazi iliyofanya ilikuwa moja tu, kumtenga mtu mzima aliyepona, kwenye meza ambayo hakuna wa kutengwa, kwa mkono wa mwanamke anayeomba huruma kila Alhamisi. Hofu mpya ikamshika, na hiyo hakuwa na wa kumwuliza.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, hakwenda kwenye maombi. Alipitia kanisani kwa kuwa ufunguo wa kabati alikuwa nao, akakitoa kile kikombe, akakifunga kwenye leso, akaenda kwa fundi viatu. Njiani alipanga maneno. Angesema kidogo, angeomba radhi, angeondoka haraka.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la madaftari. Viatu vilijaa rafuni, vyote vimelazwa nyayo juu, na kila unyayo una namba ya chaki. Harufu ya gundi na ngozi ilikuwa nzito, dirisha limefungwa kwa ajili ya vumbi la barabara. Fundi alisimama kwa furaha mpaka nyundo ikamdondoka.

"Dada! Karibu, karibu kiti. Mimi ndiye nilitakiwa kuja kwako, kukushukuru."

"Kunishukuru?"

"Kwa Jumapili." Aliketi tena, macho chini. "Dada, mimi kazi yangu ni kuangalia chini ya vitu. Kiatu kikija, kabla sijaangalia uso wake, nakigeuza. Hata kikombe nilikigeuza, siku ileile ya kwanza. Nikaona nukta. Mwezi uliofuata, nukta. Nikajua."

Mama Vikombe aliishika leso kwa vidole vyote kumi. "Miaka miwili ulijua?"

"Nilijua. Nikasema, moyoni, dada yangu anaogopa. Kama nukta hii inampa usingizi, acha ninywe cha nukta, divai ni ileile. Lakini sitakudanganya, iliuma. Sasa Jumapili nikageuza kikombe, hakuna kitu! Safi! Nililia pale dirishani, dada. Nikamwambia mke wangu, Mama Vikombe amenifutia alama. Tangu siku hiyo tunamwombea binti yako ajifungue salama, asubuhi na jioni."

Hapa palikuwa na mlango wazi, na msomaji mwema, usijifanye usingepita. Angeitikia tu amina. Fundi angebaki na furaha yake, yeye angebaki na heshima yake, nukta ingefutwa nyumbani kimyakimya, mambo yakaisha. Mama Vikombe alifungua kinywa kusema amina, na kinywa kikakataa.

"Sikufuta," alisema. "Trei iligeuka. Mzee mpya ni mashoto. Cha kwako alikunywa binti yangu, na mimi wiki nzima nimekuwa mgonjwa kwa hofu." Akafungua leso, akakiweka kikombe mezani kitako juu. "Na mwezi uliopita sikukiosha. Maji yaliisha, nikasema, ni chake."

Fundi alikitazama kikombe. Hakukasirika, ingekuwa afadhali. Uso wake ulizimika taratibu tu. Halafu kifua kikamkamata, akageukia ukutani, akakohoa kwenye mkono wa shati, muda mrefu.

"Kikohozi hicho kina muda gani?" Mama Vikombe aliuliza.

"Wiki ya tano."

"Na jasho?"

"Lipo."

"Umepima?"

Fundi alicheka kidogo bila kufurahi. "Nipime wapi, dada? Zahanati ni moja. Kopo langu lipite tena mikononi mwako? Mara ya kwanza kilikuwa kikombe. Nikafikiri, mara ya pili itakuwa benchi. Ya tatu utakuwa mlango. Nikasema, bora nikohoe."

 Wiki nzima Mama Vikombe alikuwa amejiuliza nukta ile itamdhuru nani, akimpima binti yake joto, na kumbe aliyedhurika alikuwa hapa, wiki ya tano, amekaa na ugonjwa unaotibika kwa sababu ya tone la rangi ya kucha. Mke wake anavuta hewa hiyo. Wateja wake wanavuta hewa hiyo. Na ndipo alipoliona dirisha lililofungwa, akakumbuka maneno ya Darubini kuhusu chumba, na akatambua kwamba yeye naye yumo. Kikombe hakikuwa cha kuogopwa hata siku moja. Chumba hiki kilikuwa cha kuogopwa kweli. Miguu ilimwambia inuka. Kila kitu mwilini kilimwambia inuka, una mjukuu anakuja.

Akainuka. Akaenda dirishani, akalisukuma mpaka likafunguka lote, vumbi na kelele za barabara zikaingia. Kisha akavuta kiti mpaka chini ya dirisha, akaketi tena.  Bwana, alisema moyoni, kumbe nilikuwa naomba hiki.

"Kesho saa moja asubuhi nakuja kukuchukua," alisema.

"Siendi."

"Utakwenda. Usipokwenda nitakaa hapa nikupigie kelele mpaka kinyozi amkate mteja sikio."

Fundi alijaribu kutotabasamu. Alinyoosha mkono rafuni, akachukua chupa ya tina anayosafishia gundi, akalowesha kitambaa. Mama Vikombe alidhani ataifuta nukta mwenyewe. Hakuifuta. Alimpa yeye kitambaa.

"Hapa kwangu," alisema, "namba ya kiatu anafuta aliyeiandika."

Ilikuwa nukta ya miaka miwili, ilikwishazoea kioo. Alisugua mpaka kidole kikamuuma. Fundi alisubiri, akikoholea upande wa pili, na alipoona imekwisha akachukua kikombe, akakigeuza, akakiangalia kwa muda, akakirudisha kwenye leso.

Ijumaa asubuhi benchi la nje la zahanati lilikuwa limejaa, isipokuwa pale alipoketi mtu mwenye barakoa anayekohoa. Hapo palikuwa na nafasi ya watu watatu. Mama Vikombe alitoka maabara akiwa na aproni yake, kopo jipya mkononi, jina tayari ameliandika kwa mwandiko wake mwenyewe. Akaketi kwenye ile nafasi. Watu walimtazama.

"Utalivunja hilo kopo, dada," fundi alisema ndani ya barakoa.

"Naogopa."

"Kumbe na wewe?"

"Naogopa sana. Shika kopo."

Majibu yalikuwa yale waliyoyahofia. Dawa zikaanza siku hiyohiyo, na fundi akaambiwa apumzike nyumbani kwanza, madirisha wazi. Mkewe alipimwa, akakutwa mzima. Mama Vikombe naye alijipanga kwenye foleni ya kupima kama wagonjwa wengine, na hakusema kuna mtu amemtuma kuuliza. Alikutwa mzima. Jioni hiyo alimweleza binti yake kila kitu, tangu rangi ya kucha. Siku mbili binti alipika na kufagia kimya. Siku ya tatu akaichukua ile chupa ya rangi, akaitupa, akamwuliza mama yake kama anataka chai.

Jumapili ya vikombe ilipofika tena, fundi hakuwapo benchini. Baada ya ibada mchungaji alichukua trei ndogo, mzee mashoto akaibeba, wakaenda kwake, na Mama Vikombe akaenda nao. Fundi na mkewe waliwasubiri barazani, palipo na hewa. Vikombe vilikuwa vitano. Fundi alikitazama cha kwake kabla ya kukishika, kisha akamtazama Mama Vikombe, na hakukigeuza.

Mama Vikombe ndiye aliyekigeuza cha kwake, kwa mazoea, akitafuta. Alikuwa ameviosha vyote arobaini kwa maji yaleyale, akavichanganya kabatini, na vilikuwa vimefanana. Kile cha pembeni kilikuwa kimojawapo, na hakukuwa tena na njia ya kujua kipi. Ile hofu ya zamani ikamrudia, kama kawaida yake. Mchungaji akasema neno, wote watano wakainua pamoja, na Mama Vikombe akanywa akiwa bado anaogopa.